Msimu wa Mke Mpya

Kabla ya kutupa mpira wa polepole, Eligio huvimbisha shavu la kushoto kwa ulimi. Akitaka kutupa ule wa kasi, shavu hutulia. Nereida aliliona jambo hilo kabla hajawa mkewe, alipokuwa akitazama besiboli nyuma ya uzio. Msichana asiye na maneno mengi ana nafasi ya kutazama.

Mpigaji akijua mpira gani unakuja, hana haja ya kubahatisha. Mwaka ule hakuna mpigaji aliyejua, na timu ya Eligio, Kaa wa Boca Mansa, ikatwaa ubingwa wa nchi nzima. Eligio alibebwa mabegani toka uwanjani hadi kanisani.

Walioana kabla ya msimu mpya kuanza. Wascar, binamu yake Nereida, mpigaji wa timu ya Wakatamiwa aliyejuana na wapigaji wa kila timu, alikula mbuzi wa harusi hadi akalegeza mkanda. Tangu hapo kila akipata nafasi alipita jikoni kunywa kahawa. Ndiye mtu pekee ambaye Nereida alizungumza naye bila kutazama sakafu.

Kisha Kaa wakaanza kushindwa. Walishindwa nyumbani, wakashindwa ugenini, wakashindwa hata na timu ambayo nusu ya wachezaji wake walikuwa wanaumwa tumbo. Mipira ya Eligio, ambayo mwaka jana wapigaji waliikosa kama vipofu, sasa ilipigwa kama ngoma ya harusi. Mashabiki wa wageni waliimba kwamba kaa wengine hutembea ubavu, ila wa Boca Mansa hutembea kinyumenyume.

Mji ukaanza kutafuta nuksi imetoka wapi. Kocha alibadilisha basi. Padri alinyunyizia benchi la wachezaji maji ya baraka. Wakamfukuza mfua nguo, kwa sababu alikuwa amefua kofia ambazo mwaka wa ubingwa hazikuguswa na sabuni. Mchezo uliofuata walishindwa vibaya zaidi.

Ni Chepe kinyozi aliyeuliza, mkasi mkononi. Mwaka jana Eligio alilala peke yake. Mwaka huu kuna nini kipya nyumbani kwake? Wateja wote walisikia.

Asubuhi yake Nereida alikuta kaa aliyekufa ananing'inia langoni, amefungwa utepe mweupe kama wa bibi harusi, gando moja limenyanyuliwa juu. Kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Alimfungua, akamzika nyuma ya nyumba, akaenda kuwasha moto.

Mama mkwe wake, Mama Hilaria, alianza kumkanda mwanawe mkono kwa maji ya majani machungu. Alimkataza Nereida kugusa glovu ya mumewe. Akamkataza kupita mbele yake siku ya mchezo. Mwishowe alimwambia waziwazi, huku akimenya ndizi.

"Mwanangu, mimi sikuchukii. Lakini kuna watu wana mguu mzito. Wakiingia mlangoni, neema inatokea dirishani."

"Ndiyo, Mama," Nereida akajibu.

Eligio hakutaka kusikia habari hizo. Alisema mpira ni mkono, na mkono ni wake. Hata hivyo alianza kuacha chakula sahanini, na usiku alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Mchezo wa mwisho haukuwa na maana kwa Kaa, maana walikwisha kufika mkiani. Kwa Eligio ulikuwa kila kitu. Wakala wa timu za Kaskazini alikuwa anakuja kumtazama. Akitupa vizuri, angeondoka naye kabla ya Kwaresima. Vijana walishachukuliwa hivyo, na kila mara mji ulicheza ngoma. Kaka yake Nereida, Delfín, alipochukuliwa, mama yao alichinja ng'ombe. Hadi leo humwekea sahani mezani.

Siku hiyo Mama Hilaria alipanga nguo za Nereida sandukuni, akaliegemeza sanduku mlangoni. Eligio akishindwa leo, mkewe angerudi kwao milimani.

Eligio alikuwa akifunga viatu. Akainua kichwa.

"Nere, wewe hunitazama kuliko hata kocha. Kuna kitu nakosea?"

Nereida alilitazama shavu lake la kushoto. Mama Hilaria alikuwa amemkazia macho.

"Hukosei kitu," akasema. "Kunywa kahawa, itapoa."

Walimkataza kwenda uwanjani, kwa hiyo alisikiliza redioni. Wapinzani walikuwa Wakatamiwa, timu ya Wascar. Mpira wa kwanza ulipigwa hadi nje ya ukuta, na wa pili ukaufuata. Mchezo haujafika nusu, mtangazaji alisema kwa sauti ya msibani kwamba yule wakala mwenye kofia nyeupe ameinuka na kuondoka.

Jua lilikuwa bado halijazama watu walipojaa langoni. Wengine walishika mawe kama wameyaokota tu njiani. Eligio alipita katikati yao, sare yake imejaa vumbi, akasimama kuuelekea umati, mgongo wake ukiziba mlango.

"Mtoe tu, ndugu yangu," Chepe alisema kwa upole, kama anayemkaribisha mteja kitini. "Hatutamgusa. Apande basi la milimani na nuksi yake, basi."

"Nuksi gani?" Eligio akajibu. "Leo nimeelewa. Wapigaji walijua kila mpira kabla haujanitoka mkononi. Kuna mtu aliwaambia, na huyo nikimpata atajuta kuzaliwa. Lakini mke wangu hana hatia. Naapa kwa kaburi la baba yangu."

Mlango ulifunguka nyuma yake. Nereida alitoka, akawatazama wote usoni.

"Usiape, Eligio," akasema, na mtaa mzima ukamsikia. "Niliwaambia mimi. Wanaochukuliwa hawarudi, nami nilitaka ubaki."