Fomu ya Mbonea

Mtoto akifikisha miezi tisa, siku ya chanjo ya surua, kliniki humchorea ramani inayoonyesha ni protini gani inashika ujumbe gani wa RNA, na jeni ipi inasema na ipi imenyamaza. Kisha familia inachagua jambo moja la kunyamazishwa. Moja tu, lakini lazima.

Nilimpeleka mwanangu Mbonea pamoja na mama mkwe, na wifi yangu Nakunda, ambaye hakualikwa.

"Zima hicho kicheko," wifi akasema. "Mtoto anacheka kama mashine ya kusaga. Si cha kwetu hicho."

"Ni cha marehemu baba yangu, wifi. Hakizimwi."

"Basi andikeni kukoroma," mama mkwe akaamua. "Babu yake amenikoromea miaka arobaini. Inatosha."

Nikaweka dole gumba kwenye fomu. Muuguzi akamdondoshea Mbonea matone matatu ya kunyamazisha mdomoni, ndipo akaitazama ramani vizuri.

"Mama Mbonea, protini hii inashika jumbe mbili. Kukoroma, na hapa pembeni, kicheko. Mara nyingi hicho cha pili hakiguswi. Subirini nusu saa pale kwenye benchi, tuone kama bado anacheka."

Wifi ndiye aliyeanza. Akamvua soksi moja, akamtekenya unyayo. Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akajifunua. Mimi nikakoroma kama babu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mbonea akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama hakimu anayesikiliza kesi.

"Bado dakika kumi," wifi akaninong'oneza, akamvua soksi ya pili.