Dole la Tatu

Umeupita tena mlango wa Mwasiti ukijifanya unatafuta funguo. Sheria unaijua: kliniki haimpokei mgonjwa mpaka majirani watatu wabonyeze dole gumba kwenye kioo cha mlangoni kwake. Kwa malaria ya Mwasiti mwaka juzi mlipigana vikumbo, nawe ukawa wa kwanza, sijasahau. Sasa ni sonona, siku ya kumi na tisa, na madole ni mawili tu, langu na la muuza mkaa.

“Bi Chausiku, ugonjwa gani huo? Juzi mwanao si alicheka?” ulimuuliza mama yake.

“Alicheka ili uondoke, baba.”

Leo Mwasiti anagawa vyombo kama anayehama, na hana anakohamia. Daktari yupo, dawa ipo. Nimechoka kukusihi umwelewe. Geuka, shuka hizo ngazi, ukabonyeze sasa hivi.