Friji ya Zamani

Marlys aliacha kuzoa theluji. Friji yake ya zamani ilikuwa imesimama ndani ya gereji ya jirani, yule mjane. Aliitambua kwa mlango uliobonyea, pale alipougonga mwenyewe kwa meza siku waliyohamia.

"Si ulisema watu wa vyuma chakavu waliichukua?" alikuwa amemuuliza mumewe jana yake, bili ya umeme ilipokuja. Walikuwa wamenunua mpya yenye lebo ya njano, ile isiyokula umeme mwingi, lakini bili haikushuka hata kidogo.

"Waliichukua, mke wangu. Hizo lebo ni uongo mtupu."

Sasa jirani alikuwa anapanga bia ndani yake, taa ya friji ikimmulika usoni. Nyuma ya friji ulitoka waya wa rangi ya chungwa, ukapita chini ya uzio na kuzama kwenye theluji. Marlys aliuinua, akaufuata polepole hadi kwenye soketi ya ukutani, chini ya dirisha la jiko lake.

Akauchomoa.

Ng'ambo ya uzio taa ilizimika. Kisha jirani akaita, kwa sauti laini, jina la utani la mumewe, lile ambalo Marlys alidhani hulitumia yeye tu, kitandani.