Nikumbushe Kesho

Kompyuta zote za ofisi ya maji zilikuwa zimeshasasishwa, isipokuwa ya Bi Shemsa. Kila asubuhi, kwa miezi kumi na minne, alibonyeza "Nikumbushe kesho".

"Mama, virusi vimeshaingia ofisi ya jirani," alisema Nkwabi, fundi wa kompyuta. "Lazima niizime, niiwashe upya."

"Ukiizima, barua ya Kidawa itapotea."

Kidawa alikuwa mwenzake wa meza, wakitumia kompyuta hiyo moja. Aliiacha barua katikati, akaenda kujifungua, akafia huko.

Nkwabi hakucheka. "Tutaihifadhi kwanza. Tuipe jina gani?"

"Lake."

Mashine ikazimika. Bi Shemsa akamshika fundi mkono, hakuuachia mpaka kioo kilipowaka. Nkwabi akaifungua barua, akabonyeza mwishoni. Ilikuwepo yote. Iliishia "Napenda kukufahamisha kuwa", na mbele yake kile kijistari cha kuandikia kikiwaka na kuzimika, kikimsubiri mwandishi.