Vipande Vinane

Herufi zilitokea safi kwenye skrini kila mara kompyuta kuukuu ilipowashwa, kisha zikaharibika moja baada ya nyingine. Msichana aliyefagia karakana ya mjomba wake ndiye aliyeliona hilo.

Mjomba alikuwa ameng'oa vipande vinane vya kumbukumbu ya kompyuta hiyo, vikalala chali mezani, vijiguu vyao vya chuma juu. "Kifo cha mende! Kaitupe mashine yote, mama."

Msichana aliishia darasa la tano, lakini kitabu cha ufundi alikisoma kwa siri. Vipande hivyo husahau kufumba na kufumbua, kwa hiyo kipo kidude kinachovisoma na kuviandika upya bila kupumzika. Vingekuwa vimekufa, herufi zisingetokea kabisa.

Akauegemeza ufagio ukutani.

"Mjomba, umekosea. Vipande ni vizima. Kilichokufa ni kidude kinachovikumbusha. Naomba unipishe kiti, niitengeneze mimi."