Baiskeli ya Keya

Lwakatare alitoka nyumbani asubuhi na koti lake la kanisani, akarudi mchana na matairi mawili ya baiskeli.

"Na Jumapili utavaa nini, Baba Cleo?" mkewe Bernadetta alimuuliza.

"Mungu ananijua hata nikiwa na shati."

Angefanyaje? Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na madukani Mwanza hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha, sembuse tairi! Tena hii haikuwa baiskeli ya hivihivi. Ilikuwa ya jeshi, ya kijani, na kishikio cha bunduki bado kimo kwenye fremu. Marehemu baba yake alirudi nayo alipotoka Keya, jeshi la Waingereza. Alipofariki ikawa ya Lwakatare, naye akaifanya mboni ya jicho lake.

Cleophace, mwanawe wa pekee, aliiomba tangu akiwa shule ya msingi. Jibu lilikuwa lilelile: utaivunja. Siku anakwenda vitani aliomba walau aiendeshe mpaka kambini, baba yake amfuate kuichukua. Akanyimwa hata siku hiyo. Kijana alitupa begi begani, akaondoka kwa miguu bila kuaga. Tangu hapo Lwakatare hakuweza kuitazama ile baiskeli. Iliota kutu uani, kuku wakawa wanatagia chini yake.

Kisha jirani yao Salehe, mfanyakazi wa treni, akawaletea salamu alizopewa na askari mmoja stesheni ya Tabora.

"Cleophace anakuja Ijumaa. Habari zake anasema mnazo kwenye barua. Ila amesisitiza, baba asikose kuja stesheni na baiskeli."

Hawakuwa wamepata barua yoyote; habari walizokuwa nazo ni kwamba yu hai, na kwao zilitosha. Lwakatare alikaa chini palepale mlangoni, mtu mzima, akalia.

"Amenisamehe, Mama Cleo! Angekuwa bado ana kinyongo angeniagiza baiskeli?"

Basi hakulala wala hakula vizuri. Alisugua kutu kwa mchanga wa ziwani, akaloweka mnyororo kwenye mafuta ya taa, akanyoosha spoku mojamoja huku akizisemesha. Mwisho akapandisha siti mpaka ikagoma.

"Umepandisha mno," Bernadetta alisema.

"Ala! Umezaa twiga mwenyewe, halafu unaniuliza mimi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyumba ile ya Mkuyuni haikuwa imesikia kicheko tangu kijana aondoke.

Ijumaa stesheni ilifurika watu. Treni ilipoingia, Bernadetta ndiye aliyemwona kwanza: Cleophace yupo dirishani na kombati yake, amekonda, anacheka, anapunga mkono. Mama mtu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Lwakatare aliinyanyua baiskeli kwa mikono miwili, juu ya vichwa vya watu, inang'aa.

"Hii hapa, mwanangu! Ni yako! Chukua, nenda nayo utakako, sikuulizi tena!"

Cleophace aliacha kucheka. Aliitazama baiskeli ya babu yake, akamtazama baba yake, akajifunika uso.

Askari wawili wakamtoa mlangoni wamembeba, suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya magoti.

"Shikamoo, mzee," mmoja wao alisema huku anahema. "Iko wapi ile baiskeli ya vilema aliyowaandikia, tumkalishe?"