Jicho la Kujaribia Kisu

Siku hizi kisu cha kutolea mtoto wa jicho hujaribiwa kwanza kwenye jicho la mke au mume wa mgonjwa. Wakubwa wanauita huo usalama. Mzee Kibwana, mgane, amebaki na ukungu wake.

"Oa, bwana," jirani yake Sufiani alimtania. "Kisu chako kitajaribiwa kwa nani?"

"Waliotunga sheria, wake zao wangali hai," Kibwana alijibu.

Leo Sufiani amerudi kutoka hospitali, anaona mpaka sisimizi. Mkewe, Bi Tumu, ana bandeji macho yote mawili: kisu cha kwanza kilikutwa kibovu, ikabidi wajaribu cha pili.

"Hapo pana jiwe, mama watoto. Inua mguu. Haya, twende," Sufiani alisema akimwongoza kwa mkono.

Kibwana alisikiliza mpaka mlango wao ukafungwa, na safari hii hakumwonea wivu Sufiani, alimwonea Bi Tumu.